Lita Moja ya Pumba

Mtu asiyejua kazi za watu akimwona Mama Kopo atadhani anacheza. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na sita, miwani puani, koti jeupe la maabara mwilini, anamimina pumba ndani ya kopo, anazikata kwa rula, anaziweka kwenye mizani, anazimwaga, anaanza upya. Ndivyo kutwa, kwa miaka ishirini na miwili. Lakini katika kiwanda kile cha chakula cha mifugo hakuna gunia lililovuka geti kabla kopo halijasema, na wa kulisemesha kopo alikuwa yeye peke yake. Jina alilopewa na wazazi wake walilijua watu wa ofisi ya mishahara tu.

Kazi yenyewe ni hii. Kilo ya pumba ni kilo, haibadiliki, ila lita ya pumba ni kigeugeu. Kinu kikisaga laini, lita inakuwa nzito. Kikisaga kwa pupa, pumba zinatoka pana na nyepesi, hewa tupu. Machicha makavu kutoka kwa wapika bia nayo yana visa vyake. Kwa hiyo kila mzigo ukishushwa, Mama Kopo huchota sampuli kidogo huku na kidogo kule, hujaza kopo la lita moja, hukata kichwa chake kwa rula ya chuma, kisha hupima zimebaki gramu ngapi. Hufanya hivyo mara tatu, akatafuta wastani na kuuandika kwenye ubao ulio nje ya mlango wake.

Na sheria ni moja: kopo halitikiswi. Haligongwi, halikandamizwi, halisogezwi hata kwa kidole mpaka rula ipite. Pumba ukizitikisa zinajipanga, hewa inatoka, na lita ile ile inameza zaidi. Ukiandika namba hiyo umeandika uongo. Malori yakiwa yanaunguruma uwanjani, Mama Kopo alisubiri yazimwe ndipo apime. Madereva wapya walinuna, wa zamani walizima injini wakimwona tu amechungulia dirishani.

Kabatini mwake kulikuwa na stendi ya chuma ya miguu mitatu, iliyotengenezwa kushikilia faneli ya kumiminia juu ya kopo ili mkono wa mtu usiingilie kati. "Hicho ni kifaa cha wanafunzi," alikuwa akisema. Yeye alishika faneli kwa mkono wa kushoto, akamimina kwa wa kulia, na namba zake tatu hazikuachana kwa zaidi ya gramu mbili. Wakaguzi walikuja, wakatazama, wakaondoka wakimsifu. Basi stendi ikawa nyumba ya buibui, na fahari ya mama yetu ikazidi kunenepa.

Aliyeonja ukali wake kuliko wote ni Sindano. Miaka tisa iliyopita Sindano alikuwa msaidizi pale mezani, mwanamke mkimya, mwepesi wa kujifunza. Alikuwa na kosa moja tu: akimaliza kujaza kopo aliligonga mara moja kwa ukucha, tik, kama anapima unga wa jikoni kwake. Akaonywa, akaacha, akasahau, akagonga tena. Mara ya tatu Mama Kopo hakumwita pembeni. Alimwambia mbele ya wapakizi wote, "Mkono wako hauna adabu. Nenda kashone magunia." Naye akaenda, akapewa ile cherehani ndogo ya kufungia midomo ya magunia, na ndiko alikopata hilo jina la Sindano. Tangu siku hiyo wawili wale walisalimiana kwa sababu tu salamu si kitu cha kumnyima mtu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka jana mkono wa Mama Kopo nao ulianza kukosa adabu.

Ulianzia nyumbani. Mumewe, dereva mstaafu anayependa utani kuliko chakula, alitazama kikombe chake akauliza, "Mke wangu, siku hizi chai unanitilia nusu kikombe. Ni dawa hii? Ninywe mara tatu kwa siku?" Alicheka peke yake. Mama Kopo alimwambia chai nyingi si nzuri kwa wazee, akageukia sufuria. Hakumwambia kwamba kikombe kikijaa humwagikia njiani. Baadaye vikafuata vifungo vya blauzi, kisha sahihi yake, ambayo meneja aliitania kwamba imeanza kutambaa. Hospitali hakwenda, kwa maana daktari huandika, na yaliyoandikwa husomwa. Alijikaza kisabuni, akawa anapima huku kiwiko amekibana ubavuni.

Na pumba zikaanza kuwa nzito. Mzigo uliokuwa ukitoa gramu mia mbili na tano kwa lita ukatoa mia mbili ishirini, kisha mia mbili thelathini na kitu. Kisingizio kilikuwepo, tena kizuri. Kinu kinachowaletea pumba kilikuwa kimebadilisha machekeche yake, na kila mtu kiwandani akasema, aa, zimekuwa laini siku hizi. Mama Kopo akalikumbatia neno hilo kama mtu aliyepewa blanketi. Kila asubuhi alipima pia mtungi mmoja wa mtama aliouweka kama shahidi, ambao uzito wake anaujua kwa moyo, na mtama ukatoa namba yake ya siku zote, ukizidi ni kidogo mno. Akashusha pumzi. Lakini mtu wa kazi ile anajua, na yeye alijua, kwamba punje nzima husamehe mkono. Pumba hazisamehe.

Kuna jambo jingine. Zile namba tatu zilianza kutawanyika: mia mbili thelathini na moja, mia mbili hamsini na mbili, mia mbili arobaini na tatu. Basi akaacha kuziandika zote daftarini, akawa anaandika wastani peke yake. Hapo ndipo ninapomlaumu. Mkono ulitetemeka wenyewe, lakini kalamu haikuruka mistari miwili bila kutumwa.

Pengine namba ile ingebaki namba tu, kama mizani kubwa iliyo chini ya mashine ya kuchanganyia isingekufa. Kipuri kiliagizwa, kikawa kinakuja, wiki ya tatu sasa kinakuja. Wakati huo Fundi wa mashine, bwana mpole mwenye redio ndogo isiyozimwa, ilimbidi apime pumba kwa lita. Ndani ya bomba kuna parafujo ndefu. Kila ikizunguka mara moja husukuma lita kadhaa, naye huhesabu mizunguko kwa kufuata namba iliyoko ubaoni. Ubao ukidanganya, Fundi anadanganyika, tena kwa uaminifu wote.

Na wiki hiyo, kwa kuwa majani yamekauka kila mahali, meneja alileta mchanganyiko mpya wenye yurea, hii hii ya mbolea, ambayo kwa kiasi humsaidia ng'ombe na ikizidi humuua. Fundi aliisoma karatasi mara mbili. "Hapa tumesimama ukingoni, bosi," alisema. "Haitakiwi kuzidi hata kijiko." Yurea yenyewe ilipimwa kwa mizani ndogo, sahihi kabisa. Magunia ya kwanza yalitoka alasiri moja, mia mbili na arobaini. Mama Kopo alimtumia mdogo wake mawili. Mdogo wake huyo anafuga ng'ombe watatu nyuma ya nyumba, na ndio wanaosomesha watoto wake. Yaliyobaki yalipakiwa kwenye lori kesho yake asubuhi.

Saa tatu simu ikalia.

"Dada, hiki chakula chenu kina nini?" Mdogo wake alikuwa anahema. "Yule mwekundu amekula asubuhi, sasa ameanguka. Tumbo limevimba, mapovu yanamtoka, anatetemeka. Dada, anatetemeka mwili mzima!"

"Umemwita daktari wa mifugo?"

"Yuko hapa, anamnywesha siki na maji baridi. Anauliza mmetia yurea kiasi gani. Nimwambie nini?"

"Na wale wawili?"

"Hawajala. Nilianza na huyu kwa sababu ana mimba."

"Kiondoe chote, usimpe mnyama yeyote. Nitakupigia."

Aliweka simu mezani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pembeni ya simu, vidole vikigonga ubao wa meza polepole, bila kutumwa na mtu. Aliutazama. Hesabu ikajifanya yenyewe kichwani: kama pumba ni nyepesi kuliko alivyoandika, parafujo ilisukuma pungufu, na kila walipodhani wametia kilo mia tano zimeingia mia nne na kidogo. Yurea ni ile ile, pumba za kuibeba ndizo zimepungua. Huko nje lori lilikuwa linawashwa.

Mara ya mwisho alipokimbia hata mwenyewe haikumbuki. Alipita kwenye vumbi la ghala, akaruka mkokoteni wa magunia matupu, wapakizi wakageuka kumtazama, akaenda kusimama mbele ya lori huku mikono ameitandaza. Dereva alichungulia dirishani.

"Mama, leo umechoka kuishi?"

"Zima!"

Akazima kwa mazoea, akidhani anataka kupima.

Meneja alishuka ngazi za ofisi mbili mbili. Alikuwa kijana wa kutosha kuwa mwanawe, na kwa kawaida alimheshimu hivyo. "Kuna nini, mama? Wafugaji wanasubiri mzigo huu tangu juzi. Hawana majani."

"Usiende, meneja. Pumba zimepungua humo. Ng'ombe wa mdogo wangu ameanguka."

Meneja akamgeukia Fundi, ambaye alikuwa ametoka na redio yake mkononi. "Zimepungua vipi? Ulihesabu mizunguko au ulikuwa unasikiliza mpira?"

"Nilihesabu, bosi. Ubao ulisema mia mbili arobaini na sita, nikafuata mia mbili arobaini na sita. Daftari hili hapa."

Meneja akapekua daftari, akakokotoa kwa simu yake. Mizunguko ilikuwa sahihi. Akafunga daftari. "Basi twende tukapime. Namba itasema."

Walijaa kwenye chumba kile kidogo: meneja, Fundi, dereva mlangoni. Mama Kopo alichota pumba kutoka kwenye pipa lile lile la jana. Akashika faneli. Alibana kiwiko, akabana pumzi, akabana na meno, akamwomba Mungu dakika moja tu ya mkono wa zamani. Pumba zikashuka. Faneli ikagusa ukingo wa kopo, ta-ta-ta, sauti ndogo mno. Alipopitisha rula, nayo ikagusa vivyo hivyo. Alimwona kila mtu, na kila mtu alikuwa anaangalia mizani.

Mia mbili arobaini na saba.

"Haya," meneja akasema, na sauti yake ikalegea. "Ubao haukukosea, Fundi hakukosea, mchanganyiko uko sawa. Pole kwa ng'ombe, mama, lakini hawa wa nyumbani hula hata mifuko ya plastiki. Dereva, twende kazi."

Fundi alishusha pumzi ndefu, akamtazama Mama Kopo kwa shukrani, kwa kuwa namba yake imemwokoa. Shukrani ile ilimchoma. Njia ilikuwa nyeupe: anyamaze tu. Kesho angeitoa stendi kwa siri, angesema macho yamechoka, angemaliza miaka minne iliyobaki na kuagwa kwa hotuba. Dereva alikuwa ameshafika nusu ya uwanja, funguo zinalia kidoleni. Na huko anakokwenda kila mfugaji angeanza na yule anayempenda zaidi, mwenye mimba au mwenye ndama, kama alivyofanya mdogo wake.

Alipiga moyo konde.

"Dereva, usiwashe! Meneja, niitie Sindano."

"Sindano wa magunia? Wa nini?"

"Niitie, mwanangu."

Sindano alikuja na nyuzi zimemganda kwenye gauni, uso wa mtu anayetafuta kichwani kosa gani amefanya. Mama Kopo alifungua kabati, akatoa stendi na buibui wake wote, akaiweka mezani.

"Osha mikono. Utapima wewe."

Sindano hakusogea. "Mimi, mama? Si ulisema mkono wangu hauna adabu?" Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenye nyumba masharti yake mwenyewe.

"Nilisema, tena mbele za watu. Nisamehe. Leo usio na adabu ni wangu."

Fundi alizima redio. Hakuna aliyewahi kumwona akiizima.

Sindano alifuta stendi kwa upindo wa gauni, akaweka faneli juu yake, kopo chini. Miaka tisa, lakini mkono ulikumbuka. Akaachia pumba zikashuka zenyewe, akasubiri, akapitisha rula mara moja, kama mtu anayepaka mkate siagi. Ukucha wake ulisogea kidogo kuelekea kopo, ukasimama, ukarudi.

Mia mbili na nne.

Macho yalimtoka meneja pima. "Tena."

Mia mbili na tatu.

"Na mara ya tatu," Mama Kopo akasema, maana kanuni ni kanuni. Alisogea akaegemea ukingo wa meza. Pumba zikashuka kwa mara ya tatu, Sindano akasubiri, akakata, akaweka kwenye mizani.

Mia mbili na kumi na tisa.

"Mnaona?" Meneja alirusha mikono. "Hata za huyu zinaruka. Mia mbili na tatu, mia mbili na kumi na tisa, mia mbili arobaini, tuamini ipi? Kipimo chenyewe hakieleweki, na lori limesimama!"

Sindano hakuitazama mizani. Alikuwa ameinama, anatazama ubao wa meza, pale zilipodondoka pumba chache. Zilikuwa zinacheza. Akafuata mchezo ule kwa macho mpaka kwenye ukingo, akakutana na vidole. Alisita. Aliposema, alisema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mama, toa mkono mezani."

Wote waliutazama ule mkono, na kwa mara ya kwanza waliuona. Mama Kopo aliuinua. Hewani ulitetemeka zaidi, kwa kuwa haukuwa na pa kujificha, wala hakuuficha. Aliona aibu iliyompanda kutoka miguuni mpaka kwenye nywele, na chini ya aibu ile akaona kitu kama kupumzika.

"Umekuwa hivi tangu mwaka jana," alisema. "Nilijua. Namba ninazoandika ni za mkono huu, si za pumba. Fundi hana kosa, kinu hakina kosa. Sindano, rudia."

Akarudi nyuma mpaka mlangoni, mbali na meza. Sindano akarudia. Mia mbili na nne.

Meneja alitoka nje, na baada ya muda wakamsikia anawaambia wapakizi washushe magunia yote, moja baada ya jingine, na dereva akiuliza kama watu wa humu ndani wana akili timamu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wa kale. Hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kupakiwa kwenye lori na kupelekwa kwa ng'ombe wa watu wengine.

Meneja aliporudi alimtaka Mama Kopo aende hospitali kesho yake asubuhi, mengine wangeyazungumza baadaye. Hakufoka. Mama Kopo angependa afoke. Alivua koti jeupe, akataka kulitundika msumarini, likamponyoka mara mbili, na Sindano akaja akalitundika.

"Namimina kwa kasi ile ile, mama, au nipunguze?" Sindano aliuliza, kopo mkononi. Mzigo wote wa wiki ilibidi upimwe upya.

"Kasi ile ile. Usisubiri sana kabla ya rula."

"Sawa."

Alikuwa bado amesimama pale mlangoni, akiangalia mkono mwingine ukifanya kazi yake, simu ilipolia.

"Amesimama, dada!" Mdogo wake alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Amekunywa maji, tumbo linashuka. Daktari anasema hata ndama huenda akapona. Ameacha kutetemeka."

Mama Kopo aliutazama mkono wake.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Mmejua kosa lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Lako? Wewe? Umefanya nini?"

Mama Kopo aliketi kwenye gunia, akaishika simu kwa mikono miwili, akaanza kumweleza tangu kikombe cha kwanza cha chai.